Muo wa Mzee Kombo

Siku iliyofuata hitma ya shangazi yangu Zuwena tulikusanyika nyumbani kwake Edmonton kugawa vitu. Asubuhi hakuna aliyethubutu kugusa hata kijiko. Ilipofika adhuhuri kila mtu alikuwa na mfuko wake. Bi Asha, shoga yake wa tangu zamani, aliikamata mbuzi ya kukunia nazi na hakuiweka chini tena mpaka anaondoka. Mikeka ilikwenda, masufuria yalikwenda, mapazia yakashushwa na watu waliokuwa bado wanafuta machozi. Kisha Bi Asha huyo huyo akavuta kutoka nyuma ya mlango wa jikoni mti mnene ulionyooka, unaonifika kifuani, uliochongwa ncha upande mmoja na kulainika kwa kushikwa upande wa pili. "Na hiki nini tena?" akauliza. Pakazuka mjadala. Bi Asha mwenyewe alisema ni mchi uliokonda. Mwanamke mmoja wa Bara, aliyekuwa akifunga sahani kwa magazeti, akasema kwao fimbo ya namna ile ni ya kuswagia ng'ombe, ila hakumbuki kuona ng'ombe Edmonton. Binti yangu Salma, aliyezaliwa hapa hapa London, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, akasema, "Isn't it for the curtains?" Niliwaacha waseme mpaka wakachoka. "Huo ni muo," nikawaambia. "Wa kupandia mbegu. Na hauendi popote." Nikaunyakua utadhani kuna aliyekuwa akiutaka, na hakuwapo hata mmoja.

Muo si kitu kigumu kukieleza. Unaupiga ardhini, unatoa tundu, tundu linaingia mbegu. Jirani yetu wa shambani, Mwingereza aliyeitwa Ron, alikuwa na wake mfupi wa kushika kwa mkono mmoja, akiuita dibber, na aliutumia amepiga magoti peke yake akinung'unika. Wa kwetu ulikuwa mrefu kwa sababu kwa watu wa Shangazi, kule Pemba, kupanda ni kazi ya watu wawili waliosimama. Mwenye muo hutangulia akipiga matundu. Mwenye mbegu hufuata nyuma, anatia, anafukia kwa kisigino, anasonga. Na vyote viwili, wa Ron na wa kwetu, vilitoka kwenye mpini mmoja. Uma mkubwa wa Ron wa kulimia ulivunjika mpini wake mrefu miaka mingi kabla sijafika, akataka kuutupa, na Mzee Kombo, mume wa Shangazi, akamwomba kipande kirefu. Ron akabaki na kifupi. Nimeyafikiria sana majina yale mawili. Ukimwambia Ron dibber, anaona kitu. Ukimwambia Shangazi muo, alikuwa anaona kitu na mgongo wa mtu aliyekishika.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilivyofika London ni hadithi nyingine na haina utamu, naiacha. Nilipewa chumba cha juu cha nyuma, chenye dirisha lililogoma kufunguka, na kitanda ambacho chini yake Mzee Kombo alihifadhi viazi vyake vya mbegu, kwa hiyo tangu usiku wa kwanza nililala na harufu ya udongo. Mchana nilisoma chuo, jioni nilipanga maboksi ghalani. Mzee Kombo alikuwa mtu wa maneno machache sana. Aliwahi kukaa na mimi mezani mlo mzima akasema "chumvi" tu. Maneno aliyoyanyima nyumba aliyapeleka shambani. Tukiita shamba, lakini kilikuwa kiwanja kidogo, kimojawapo kati ya vingi ambavyo manispaa huwakodisha watu wa mjini wasio na pa kulima, kule nyuma ya reli. Alipanda mahindi meupe, akayachagua yaliyo bora, akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza jikoni juu ya boila ya kupashia maji yakauke kwa mbegu ya mwaka unaofuata. Ukipika chai jikoni kwa Shangazi, mahindi yanakugusa kichwa. Bi Asha alikuwa akisema wawili wale waligombana njia nzima ya kwenda shamba na njia nzima ya kurudi, lakini wakishaingia ndani ya uzio, Mzee mbele na muo na Shangazi nyuma na bakuli, husikii kitu.

Mzee Kombo alifariki mwezi wa Februari, amekaa kwenye kiti chake, chai yake bado ya moto. Shangazi akaingia eda. Wapo wanaoilegeza eda wakiwa London, kwa sababu ya kazi na mengine, na siwalaumu, lakini Shangazi hakulegeza. Miezi minne na ushei hakutoka mlango wa mbele. Alivaa kanga zilizopauka, akaweka mbali udi na mafuta yake, akageuza kioo cha ukumbini kikatazama ukuta, na akahamia chumba cha mbele chini, ambako alikaa kwenye zulia akiegemea kiti cha marehemu bila kukikalia. Wageni walileta bokoboko, supu, samaki wa kupaka, na mimi niliyezoea kula mkate na maharage ya kopo nilinenepa katika msiba, jambo ambalo Bi Asha alilitangaza mbele za watu. Nilikula nimekaa kwenye ngazi, sahani magotini, kwa kuwa chini kulijaa, na hapo ngazini ndipo niliposikia wanawake wakizungumza jikoni, wakidhani maji ya bomba yanawaficha.

"Zuwena arudi zake Pemba," mmoja alisema.

"Kwa nani? Mtoto hana, na ndugu waliobaki washakuwa wageni."

"Basi ahamie Wembley, kwa watu. Hapa atakaa na nani? Na kale kasichana?"

Kale kasichana kalikuwa mimi. Nilimeza tonge, nikakata jingine.

Wiki chache baadaye mwanamama wa kamati ya viwanja alikuja kugonga mlango. Alikuwa mtu mwema, aliyekosa pa kuweka mikono yake. Alinipa pole, akasema kila mtu kule alimpenda Bwana Kombo, kisha akasema alichotumwa: mwanzoni mwa kiangazi kamati itapita kukagua, na kiwanja ambacho hakijapandwa atapewa mwengine, kwani wanaosubiri ni wengi. Nilipofunga mlango Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kasema nini?"

Nikamweleza.

"Mwambie n'tapanda."

"Utapandaje, Shangazi, na umo edani? Mpaka utoke, wao washapita."

Akakaa chini pale pale ukumbini, kwenye viatu. "Nyumba hii kila pembe namsikia marehemu akikohoa," akasema. "Nikitoka eda nikute na shamba wamelichukua, nitoke niende wapi, Mize? Nitoke n'ende wapi?" Sikuwa nimewahi kumsikia akiuliza mtu mzima wala mtoto afanye nini. Alikuwa anaamuru, siku zote anaamuru, na nilikuwa nimeshamzoea hivyo. Nikasema nitapanda mimi. Alinitazama juu mpaka chini. "Weye," akasema, "ushawahi kupanda hata ngazi bila ya kujikwaa?"

Basi nikafundishwa kupanda juu ya zulia. Lilikuwa zulia jekundu lenye maua yaliyopangwa safu, na Shangazi aliamua kila ua ni shimo. Tulisogeza meza ukutani. Mimi nilipewa mpini wa ufagio, kwa kuwa muo wenyewe ulikuwa kibandani shambani. Yeye alishika bakuli la maharage makavu. "Tangulia," akasema. Nikapiga ua la kwanza. "Usilichome kama unaua nyoka! Liguse, zungusha, toa. Haya, hatua. Usitazame nyuma, mie nipo." Nikasikia harage likidondoka, tik, na kisigino chake kikibonyeza zulia nyuma yangu. Nikapiga la pili. Tik. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye televisheni, tukageuka, tukarudi mpaka dirishani. Kwenye safu ya tatu nilisahau kwamba nafundishwa. Ilikuwa nzuri ajabu, kujua kwa masikio tu kwamba kila unachokiacha nyuma kuna mtu anakishughulikia. Niliposimama mwisho wa safu Shangazi alikuwa ameacha kutia. Alikuwa anautazama mgongo wangu. "Yeye alikuwa mpana," akasema, akaanza kuokota maharage.

Kilichobaki ni kujua lini, na hapo ndipo tulipokosea, kosa ambalo Mwingereza hawezi kulifanya hata akilipwa. Katikati ya Machi mvua ilishuka siku kadhaa mfululizo, mvua nzito yenye kishindo, si manyunyu ya kawaida ya hapa. Shangazi aliisikiliza kutoka mswalani. "Masika hayo," akasema. Na mimi, niliyekua kisiwani ambako mtu hapandi mpaka mvua ya masika ishuke, na ikishuka hangoji kuambiwa, nilisema kweli, masika hayo. Hatukujiuliza lolote. Mwezi ni ule ule, mvua ni ile ile. Baridi tuliihesabu kuwa ni shida yetu sisi watu, tunaovaa makoti, wala haihusu mbegu. Tuliteremsha mahindi yote isipokuwa mawili yaliyokwama nyuma ya bomba, tukapukuchua, na Jumamosi nikaenda peke yangu na bakuli. Ron angenizuia, lakini alikuwa amekwenda kwa mwanawe hajarudi. Nilipiga safu nzima, nikarudi mwanzo kuchukua bakuli, nikatia, nikafukia. Vidole vilikufa ganzi. Nilirudi nyumbani nina tope mpaka magotini, Shangazi akanikandia chapati kwa mikono yake, na tukala tukifurahi.

Haikuota. Aprili ikaanza, ikaingia katikati, udongo umelala vile vile. Nilifukua tundu moja, nikakuta mbegu laini, inanuka, inapondeka kwa kidole. Nikafukua jingine. Nilirudi nyumbani moja kwa moja nikamwambia, kwa sababu uso wangu haujawahi kuficha kitu, na nilimwonesha mbegu ile kwenye kiganja. Aliinusa. Kisha akalia, na hakulia hivyo hata siku ya maziko. "Mie n'kitia mbegu tu," akasema. "Miaka yote hiyo n'kitia mbegu tu. Yeye ndo aliyekuwa akisema, Zuwena, leo. N'kichukua bakuli n'kenda. Sikumuuliza hata siku moja kajuaje." Nilimshika mabega. Yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani.

Ron aliporudi nilimkuta shambani, amesimama kwenye kiwanja chetu, amevua kofia. Alikuwa mzee mrefu, magoti mabovu, mashavu mekundu, na alizungumza nami kwa sauti kubwa akiamini inasaidia. Nilipomweleza tumepanda Machi alifumba macho. Akaniambia kwamba hapa mvua haimaanishi kitu, mvua ipo tu. Kinachongojwa ni ardhi ipate joto. Nikamuuliza nitajuaje. Akakuna shingo, akasema babu yake, aliyekuwa mkulima kweli, alikuwa akishusha suruali na kuikalia ardhi kwa matako matupu. Akiweza kukaa bila kuruka, anapanda. Yeye Ron, kwa heshima ya majirani, hutumia kiwiko.

Sikujua nitamfikishiaje habari hiyo mjane aliye edani. Nilianza kwa kiwiko. Shangazi aliona nazunguka, akaniambia niseme yote, nikasema yote. Alijitupia kanga usoni. Nikadhani nimemuudhi, mpaka nilipoona mabega yanatikisika. "Astaghfirullah," akasema ndani ya kanga, "astaghfirullah, Mize, nami nimo edani!" Akacheka mpaka akalala ubavu juu ya zulia. Kisha akafunua uso. "Na Mzee Kombo je? Yeye kafanyaje? Kamuulize huyo Mzungu. Naye alikuwa akiikalia?"

Nilimuuliza Ron kesho yake, uso unaniwaka. Hapana, akasema, Kombo hakushusha chochote. Kombo alikuwa anavua viatu na soksi, anasimama katikati ya shamba, anatazama reli, midomo ikimchezacheza. Ron alidhani anasali, na hakupenda kumuuliza mtu sala yake. Siku za mwanzo za majira hakuimaliza sala hiyo. Aliruka kwa baridi, akavaa soksi zake na kwenda nyumbani. Alirudia kila baada ya siku chache. Siku aliyoweza kusimama mpaka midomo ikatulia, alimpungia Ron mkono, na siku iliyofuata alikuja na mkewe.

Nilipomfikishia Shangazi haya alikuwa anachambua mchele. Sinia lilisimama mkononi.

"Alivaa soksi bila ya kuosha miguu?"

"Ndivyo alivyosema Ron."

"Soksi," akasema. "Ya Rabbi. Zile soksi!" Akanitazama macho yamemjaa. "Kila mwaka, Mize, ikifika majira haya, n'kikuta soksi zake zina tope ndani. Ndani! N'kimgombeza. N'kimwambia, we mtu mzima, tope linaingiaje ndani ya soksi na nje ni safi? Na yeye kimya. Hakuniambia hata siku moja. Mie nafua, natukana, na yeye anakwenda kunisimamia kwenye baridi ile, ili aje aniambie Zuwena, leo." Alilia na kucheka pamoja, na mchele ukamwagika, na hatukuuokota mpaka baadaye. Ikawa mapenzi ya mume wake yamemfikia kwa mkono wa Mwingereza mwenye magoti mabovu, na yameletwa na mimi. Sijawahi kupewa kazi tukufu kuliko ile tangu hapo.

Yale mahindi mawili yaliyokwama nyuma ya bomba ndiyo yaliyobaki. Nilikwenda shambani kila niliporudi chuo, nikavua viatu, nikasoma Yasini, kwa kuwa Shangazi alikuwa na hakika ndiyo aliyokuwa akisoma marehemu. Mara ya kwanza sikuvuka aya chache. Treni zilipita, watu dirishani wakimtazama msichana aliyejifunga hijabu amesimama pekupeku kwenye tope. Mei ikaingia, na alasiri moja nikamaliza Yasini nzima nikagundua kwamba nilikuwa nimeisahau miguu yangu. Nikakimbia nyumbani. "Shangazi," nikasema mlangoni, nikihema, "ni leo." Akaniwekea mbegu kwenye bakuli, akazisomea, akazipulizia, akanifungulia mlango na kubaki ndani ya kizingiti.

Nilikusudia kupiga matundu kisha kurudi nyuma kama mwanzo. Ron alinitazama safu moja, akatupa dibber yake kwenye ndoo, akaja kulichukua bakuli. Alisema magoti yake yangefurahi kupanda yakiwa yamesimama kwa mara moja katika maisha yao. Nikatangulia. Nyuma yangu nikasikia mbegu, kisha buti zito likifukia. "Muo," alikuwa akijisemea, akilifanyia mazoezi neno alilolisikia kwa Kombo miaka yote ile, "muo, muo," mpaka tukafika kwenye uzio.

Kamati ilipopita, mahindi yalikuwa yamechomoza kimo cha kidole, safu zimenyooka. Yule mwanamama alisimama, akatabasamu, akaendelea na kiwanja cha pili. Mwisho wa Juni Shangazi akatoka eda. Alioga, akavaa kanga mpya, akageuza kioo, na hakwenda kwa Bi Asha aliyempikia biriani, alikwenda shamba. Aliingia ndani ya uzio akavua viatu bila kuambiwa. Mahindi yalimfika magotini. Aliyapitia yote akiyagusa, mpaka akafika pahala ambapo mbegu chache hazikuota, pengo la hatua kadhaa. Akatoa kibindoni kunde alizokuja nazo. Mimi nilishachukua muo nikamnyooshea, maana shamba sasa lilikuwa lake. Akatikisa kichwa. "Mie mbegu," akasema. "Tangulia, mwanangu."

Nilitangulia miaka mingi. Niliolewa, nikahamia Thamesmead, nikawa nauguza wagonjwa hospitalini, na kila mwaka mwezi wa Mei simu ililia: "Mize, leo." Nilivuka London nzima kwenda kumpigia matundu. Ron alitangulia mbele ya haki. Tulisimama makaburini kwake mimi na Shangazi, yeye akiwa na mahindi mawili kwenye mkoba badala ya maua. Mwaka jana alitia mbegu akiwa kwenye kigoda, nikimsogeza tundu baada ya tundu. Majira ya baridi yaliyopita alifariki, nimemshika mkono, na mwaka huu simu haikulia.

Kwa hiyo nilianza kwenda mwenyewe. Salma alikuja nami mara ya pili, kwa kunihurumia nadhani. Nilivua viatu na soksi. Akacheka, kisha akavua vyake. Tukasimama. Aliruka kabla yangu. Tulirudi tena, na tena, na Jumapili moja nilimaliza Yasini nikafumbua macho, nikamkuta bado amesimama, vidole vya miguu vimezama kwenye udongo, anatazama reli.

"It's warm, Mama," akasema.

Nilikwenda kibandani nikatoa muo na bakuli. Nilikaa navyo mlangoni kidogo, kimoja mkono huu na kimoja mkono huu, kwa sababu maisha yangu yote pale sijawahi kushika bakuli mwenzangu akiwapo. Salma akaja. "Which one's mine?"

Nikampa muo. Ulimpita kifua, alikuwa mfupi kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake.

"But I don't know how."

"Liguse, zungusha, toa," nikamwambia. "Usitazame nyuma."

Akapiga tundu la kwanza, akachukua hatua. Nikadondosha mbegu, nikafukia kwa kisigino, nikamfuata.